Mama Kona, Aliyefunika Majina ili Kazi Isomwe

Ndugu, jamaa, majirani, na nyote mliokuja kumsindikiza dada yetu, ambaye wanafunzi wake walimwita Mama Kona: asanteni kwa kufika. Kabla hatujaanza, familia inapenda ieleweke kwamba wasifu huu sio ule ulioletwa nyumbani Jumanne iliyopita na wajumbe wa chuo kikuu, kurasa mbili, umeshachapwa na picha imeshachaguliwa. Ule tuliusoma. Neno "tabasamu" limo mara tano, na neno "lalamiko" halimo hata mara moja. Aliyeuandika hakumjua marehemu, maana marehemu hakuwa mtu wa kuchekacheka ovyo, na lalamiko lake ndilo lililokula miaka minne na nusu ya mwisho ya maisha yake. Huu mnaosomewa umeandikwa, na unasomwa, na mdogo wake, fundi cherehani, ambaye shule yake iliishia sekondari. Wajumbe wa chuo wapo, wamekaa mstari wa mbele, na tunawakaribisha. Viti hivyo ni vigumu kidogo na maneno haya ni marefu, mtatuwia radhi.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Februari 1962, mtoto wa kwanza wa baba fundi cherehani na mama mpiga pasi. Mwaka 1968 baba alipata kazi kwenye kiwanda cha sare ng'ambo, akaihamisha familia pamoja na cherehani yake ya miguu, ambayo alikataa katakata kuiacha. Walikaa vyumba viwili juu ya duka la dobi alikofanya kazi mama, na kwa sababu ya pasi za chini sakafu yao ilikuwa na joto mwaka mzima. Mdogo wake alizaliwa humo humo mwaka 1969. Siku ya kwanza marehemu kumwona mtoto, alichukua tepu ya baba akampima kutoka utosini hadi kisiginoni, akaandika ukutani kwa penseli: sentimita hamsini na moja. Mama alipomwambia mtoto ni mkubwa kweli, alijibu kwamba hilo hawezi kulisema mpaka apime mwingine. Alikuwa na miaka saba, na tabia hiyo hakuiacha.

Shule ya msingi alianza Septemba 1968. Mwalimu wake wa kwanza alimtazama, akaona ni mweusi, akaamua hajui lugha, akamweka meza ya nyuma na penseli za rangi. Lugha alikuwa ameshaijua kufikia Desemba. Penseli za rangi alikaa nazo mwaka mzima. Alipokuwa na miaka tisa alikuwa na shoga yake mmoja, binti wa mwoka mikate wa mtaani, mtoto mweupe mwenye roho nzuri na mvivu wa hesabu kupita kiasi. Marehemu akawa anamfanyia hesabu zake kwa kipande cha keki. Wiki moja wakapeleka madaftari mawili yenye majibu yale yale, njia zile zile, hata kosa moja lile lile. Daftari la binti wa mwoka mikate lilirudi na nyota na neno "Hongera". Daftari la marehemu lilirudi na mstari mwekundu na neno "Umenakili". Hakulia. Aliyaweka yote mawili mezani mbele ya baba, ameyafunika majalada kwa kitambaa, akasema, "Baba, soma haya, halafu niambie lipi la mwerevu."

Baba alisoma, akafunua majalada, akavua miwani. Alikwenda shuleni vile vile alivyokuwa, tepu shingoni na pini mdomoni. Mwalimu mkuu hakuelewa nusu ya aliyoambiwa kwa sababu ya zile pini, lakini aliyoyaelewa yalitosha, na kesho yake marehemu akahamishwa meza. Familia inapenda kumkumbuka binti wa mwoka mikate, ambaye alisimama darasani akasema, "Ni mimi niliyenakili." Alifariki mwaka juzi, na marehemu alikwenda kumzika.

Sekondari alimaliza mwaka 1980. Shahada ya kwanza ya takwimu aliipata mwaka 1984, ya pili mwaka 1986, na ya uzamivu alitunukiwa tarehe 22 Juni 1991. Utafiti wake ulihusu jambo moja: kwa nini jibu lile lile likisahihishwa na watu wawili hupata alama mbili. Siku ya kuitetea tasnifu, mtahini mmoja mzee aliyetoka chuo kingine alifungua ukurasa wenye hesabu ngumu kuliko zote, akauliza nani alimsaidia.

"Nimejisaidia mwenyewe," marehemu akasema.

"Unaweza kuzifanya tena hapa hapa?"

Akainuka. Akazifanya ubaoni mwanzo hadi mwisho, akaendelea hatua sita zaidi ya zile zilizokuwa kwenye tasnifu, kisha akamnyooshea yule mzee chaki. "Haya, mwalimu, endelea."

Marehemu alipita bila sahihisho hata moja, na yule mzee alikataa kumpa mkono. Mama alikuwepo siku ile, amekaa nyuma na kanzu yake ya kazini, na walipotoka nje alimwuliza mwanawe kwa nini mzee wa watu amenuna hivyo. "Chaki imemchafua, mama," akajibiwa.

Ndoa yake ilianzia ndani ya lifti. Januari 1988 lifti ya maktaba ya chuo ilikwama kati ya ghorofa ya nne na ya tano, na ndani yake alikuwemo marehemu na rundo la karatasi za mitihani. Fundi wa lifti alihangaika saa nzima. Alipofanikiwa kuufungua mlango kiasi cha kupitisha mtu, alimkuta abiria wake amekaa sakafuni anasahihisha, akamwambia, "Dada, toka." Marehemu akasema, "Subiri, nimebakiza mbili." Fundi akasubiri. Mpaka leo shemeji anasema alikuwa hajaona mtu wa namna hiyo, na alitaka kujua hizo mbili zimepata ngapi. Walifunga ndoa tarehe 8 Julai 1989. Wakajaliwa mtoto wa kiume mwaka 1991, ambaye sasa ni dereva wa treni, na walipokuwa wameshakata tamaa ya kupata mwingine, wakajaliwa binti mwaka 2001. Binti yuko mwaka wa mwisho wa sheria katika chuo hicho hicho alichofundisha mama yake, na shahada yake anatarajia kuipata Julai hii. Tumelitaja hilo kwa sababu wajumbe wa chuo nao wamelitaja, kama mtakavyosikia.

Marehemu aliajiriwa na chuo tarehe 1 Septemba 1992. Ofisi yake ilikuwa chini ya ardhi, chumba namba 014, kati ya mtambo wa kupashia maji moto na stoo ya viti vilivyovunjika. Walimwambia ni ya muda. Alikaa humo miaka thelathini na moja. Wageni walipopotea wakaingia, walimwuliza funguo za vyoo ziko wapi, na mwanzoni alikuwa anawaeleza yeye ni nani. Baadaye alichongesha funguo za ziada akazitundika ukutani, akawa anawapa, kisha anawauliza swali la takwimu kabla hawajatoka.

Huko ndiko jina la Mama Kona lilikozaliwa. Karatasi za mitihani za chuo kile huandikwa jina pembeni juu, upande wa kulia. Marehemu kabla ya kusahihisha alikunja ile kona ya kila karatasi, akaibandika kwa gundi, na hakuibandua mpaka alama zote ziwe zimeshaandikwa. Wenzake walimcheka. Mmoja alimwuliza, "Kwani unaogopa majina?" Akamjibu, "Ninajiogopa mimi. Na wewe ungejiogopa kidogo ingesaidia." Alifanya hivyo kwa wanafunzi wote, weusi na weupe, watoto wa wakubwa na watoto wa wafagiaji, na mtu mzima akija kumwombea mwanawe alimwonyesha rundo la kona zilizokunjwa na kumwambia achague mwenyewe ni ipi.

Aliomba uprofesa mara sita: 2001, 2004, 2007, 2011, 2015 na 2019. Mara sita aliambiwa kazi yake ni nzuri ila bado haijakomaa. Hapa mdogo wake ana jambo la kusema. Tangu mwaka 1998 majoho ya chuo yanashonwa kwenye duka lake, ya wahitimu na ya maprofesa. La profesa ni jekundu, lina mikono mipana na pindo la hariri. Ameyashona ishirini na sita katika miaka hiyo. Manane kati ya hayo yalikuwa ya watu waliofundishwa na dada yake. Walikuja dukani, wakasimama kwenye kioo, wakainua mikono wapimwe, na mmoja wao alisema, "Dada yako ndiye aliyenifundisha kila kitu, mwambie ninamsalimu." Mdogo wake alikuwa na pini mkononi na anashukuru kwamba siku hiyo hakuitumia vibaya.

Marehemu hakuwa peke yake. Alikuwa na rafiki zake watatu, wasomi weusi kama yeye, kila mmoja katika nchi yake: mwanahistoria, mhandisi wa madaraja, na daktari wa macho. Wengine mababu zao walifikishwa walipo kwa minyororo, wengine wazazi wao walifuata kazi, lakini barua walizoandikiwa na vyuo vyao zilifanana. Kila Jumapili baada ya chakula cha mchana walipigiana simu, wote wanne kwa pamoja, wakasomeana barua za kukataliwa. Shemeji alikuwa akisikia kicheko jikoni alijua kuna aliyekataliwa tena. Jumapili moja kila mmoja alisoma yake na wote wanne wakawa "hawajakomaa". Mhandisi wa madaraja, mama wa miaka hamsini na minane, akasema, "Jamani, mimi nimekomaa mpaka nimeanza kuoza, wanasubiri nini?" Walicheka sana, halafu marehemu akasema kicheko kimetosha, sasa tupime.

Walikubaliana kufanya jaribio moja katika vyuo vyote vinne. Katika chuo cha marehemu, kila Juni mkuu wa idara husahihisha upya karatasi chache ili kuhakikisha alama ni za haki. Juni 2019 marehemu ndiye aliyekuwa katibu wa mitihani. Alichukua karatasi thelathini ambazo mkuu wa idara mwenyewe alikuwa amezisahihisha wiki tano kabla, zikiwa na majina. Akazipiga chapa upya ili mwandiko usijulikane, akaondoa majina, akaweka namba, akampelekea. Mkuu wa idara hakutambua hata moja. Za wanafunzi weupe alizipa alama zile zile, tofauti ya mbili au tatu. Za wanafunzi weusi zilipanda, zote, kwa wastani wa alama kumi na nne. Moja ilikuwa imepata arobaini na nane, maana yake imefeli, na pembeni ameandika, "Hajui anachosema." Safari hii akaipa sabini na moja, akaandika kwa mkono wake: "Kazi ya kipekee. Nani huyu? Aitwe, apewe nafasi ya utafiti."

Haikuwezekana kumwita. Mwenye karatasi ile alikuwa ameshaondolewa chuoni, anapakia mizigo kwenye ghala la vipuri.

Marehemu akafungua kabati la kumbukumbu, akatoa karatasi za miaka minane, akazituma kwa wasahihishaji wa nje zikiwa na namba tu. Wanafunzi arobaini na mmoja walikuwa wamefelishwa au wameshushwa daraja pasipo haki. Tarehe 6 Novemba 2019 alifungua lalamiko rasmi. Hakuomba fidia wala hakuomba mtu afukuzwe. Aliomba karatasi za hao arobaini na mmoja zisahihishwe upya, majina yakiwa yamefunikwa, na shahada zao zirekebishwe. Majina yao hakuyaandika. Aliandika namba tu, kwa sababu wengine walikuwa bado wanatafuta barua za sifa kutoka kwa watu wale wale.

Chuo kiliunda kamati ya kuchunguza udanganyifu. Msifurahi, udanganyifu wenyewe ulikuwa wa Mama Kona. Walisema amemhadaa mkuu wa idara kwa kumpa karatasi asizojua ni za nani. Yaani mtu amekamatwa na mkono wake mwenyewe, kosa ni la aliyewasha taa! Walimzuia kusahihisha mitihani. Walimwondoa kwenye orodha ya barua za idara. Kikao cha kusikiliza lalamiko kilipangwa kikaahirishwa mara nne: mwenyekiti anaumwa, mwenyekiti yuko safari, chumba kinapakwa rangi, mwenyekiti amestaafu. Rafiki yake mhandisi alifukuzwa kazi huko kwake. Mwanahistoria alinyang'anywa darasa, na leo yupo hapa, amesafiri siku mbili, ndiye yule bwana mwenye fimbo upande wa kushoto. Chuo cha daktari wa macho kiliona aibu, kikasahihisha upya kila kitu, kikawaita wanafunzi wake. Kwa hiyo asije mtu akatuambia haiwezekani.

Machi 2022 liliingia dukani agizo la joho moja jekundu, halina jina, vipimo tu. Fundi akisoma vipimo anauona mwili. Mabega yale, urefu ule, mkono wa kulia uliozidi wa kushoto kwa sentimita moja na nusu: mdogo wake alijua ni la nani kabla hajafika mwisho wa karatasi. Alikaa chini akalia kwa furaha. Alilishona kwa siku tisa, pindo lote kwa mkono.

Wiki iliyofuata marehemu alikuja dukani, akakaa kwenye kigoda karibu na meza ya kukatia, akaeleza kwamba ameitwa na naibu mkuu wa chuo, akapewa chai, akaambiwa uprofesa uko tayari kuanzia Julai. Sharti ni moja, alifute lalamiko.

"Chukua, dada," mdogo wake akamwambia.

"Na wale arobaini na mmoja?"

"Watajijua. Wengine wameshapata maisha yao."

"Maisha gani? Yule wa ghalani alitakiwa awe anafundisha sasa hivi."

"Kwani wewe umemzaa? Umekaa na viti vibovu miaka thelathini. Joho lako hilo hapo, nimelishona kwa mikono yangu, chukua uvae tukuone!"

Marehemu aliliangalia lile joho kwenye kiango cha nguo. Aligusa pindo, akasema limeshonwa vizuri. Kisha akasema, "Nikilivaa hili, wale watoto wanabaki wajinga kwa maandishi mpaka wanakufa. Na mimi ndiye ninayejua sio wajinga. Nitalala vipi?"

Mdogo wake alimwambia neno baya. Alimwambia anapenda kuonewa. Hawakusemeshana wiki tatu, na aliyerudi kugonga mlango wa mwenzake alikuwa ni mkubwa, si mdogo. Anayesoma haya anaomba radhi mbele yenu nyote, kwa sababu alipokuwa na nafasi ya kuomba akiwa hai aliona haya. Joho lilipelekwa chuoni, na dada yetu akaandika barua ya mstari mmoja kwamba lalamiko liko pale pale.

Agosti 2023 alianza kuumwa mgongo. Alisema ni viti vya ofisi. Oktoba vipimo vilionyesha saratani ya kongosho, na daktari alimwambia miezi, si miaka. Aliuliza miezi mingapi na makisio hayo yametokana na wagonjwa wangapi, mpaka daktari akaenda kumletea jedwali. Alilazwa mara tatu. Shemeji alihamishia kitanda sebuleni, karibu na dirisha, na kutoka hapo marehemu aliendelea kuandika barua kwa chuo, kila Jumatatu moja. Mkono ulipochoka, yeye alisema na binti akaandika. Mwezi Aprili chuo kilipanga hatimaye kikao cha lalamiko: Jumatatu, tarehe 27 Mei 2024, saa tatu asubuhi. Tunadhani walikuwa na jedwali lao.

Alifariki nyumbani Jumamosi, tarehe 11 Mei 2024, saa nane mchana, akiwa na umri wa miaka sitini na miwili, miezi miwili na siku ishirini na saba. Mumewe alikuwa amemshika mkono na mdogo wake alikuwa anamkanda miguu. Neno lake la mwisho la maana lilikuwa kuuliza kama barua ya Jumatatu imepelekwa. Tulimwambia imepelekwa. Ilikuwa bado, lakini Jumatatu ilipelekwa.

Siku tatu baadaye walikuja wajumbe: naibu mkuu wa chuo, mkuu wa idara, na mwanasheria wao. Walivua viatu, walitoa pole. Kisha wakatoa ule wasifu wao, na mfuko, na ndani ya mfuko joho jekundu. Walisema chuo kimeamua kumtunuku uprofesa baada ya kifo, wangependa joho lifunikwe juu ya jeneza na wapewe dakika tano za kuzungumza. Walisema pia, kwa masikitiko, kwamba kanuni ya kumi na tisa inafunga lalamiko mlalamikaji akifariki. Naibu mkuu wa chuo akaongeza, kwa sauti ya chini, kwamba chuo kinaithamini sana kazi ya majoho ya mdogo wa marehemu, na kinamtakia binti kila la heri Julai.

Mdogo wake alilipindua lile joho ndani nje, akaiona mishono yake mwenyewe. Miaka miwili walikuwa wamelitundika kabatini wakisubiri achoke au afe. Aliyesema ni shemeji, ambaye watu wengi hapa hawajawahi kumsikia akiongea sentensi mbili mfululizo. "Mke wangu hakuwaomba joho. Aliwaomba msome karatasi. Mkishasoma, njooni." Binti naye akauliza kama wanaweza kuyarudia kwa maandishi yale ya Julai waliyomtakia. Mwanasheria alisema hapana, akatafuta viatu vyake.

Jibu la familia, kwa kuwa mliomba jibu leo, ni hili. Dakika tano hazipo. Jeneza limefunikwa kwa kitambaa alichoshona baba yake. Joho liko kwa bwana anayelinda lango, kwenye mfuko wake ule ule, mkitoka mlichukue. Duka halitashona tena joho la chuo chenu, na hilo msihangaike kutuandikia, agizo tumelifuta sisi. Na ile kanuni ya kumi na tisa, binti ameisoma mpaka chini, mahali ambapo mwanasheria wenu alichoka. Inasema lalamiko litafungwa isipokuwa mmoja wa walioathirika ajitokeze ndani ya siku kumi na nne aliendeleze kwa jina lake.

Marehemu ameacha mume, mtoto wa kiume na mkwe mmoja, binti mmoja, na mdogo wake mmoja. Ameacha rafiki watatu wa simu ya Jumapili. Ameacha wanafunzi wengi, na kati yao wale arobaini na mmoja, ambao mmoja ametangulia mbele ya haki na sita hatukuwapata. Waliobaki ni thelathini na wanne. Wote walitia saini jana kuliendeleza lalamiko, majina kamili, na majina hayo yamechapwa ukurasa wa nyuma wa programu hii mliyoishika. Hayajafunikwa. Wengi wako hapa, wamekaa nyuma yenu, na yule wa ghalani ndiye atakayeongea kikaoni kwa niaba yao.

Dada, kazi yako umeimaliza, lala usingizi wako kwa amani. Ninyi wa mstari wa mbele, tutaonana Jumatatu ya tarehe ishirini na saba, saa tatu asubuhi. Tutawahi kufika.